Kwa nini niliuza bunduki mbili za kuwindia nikanunua moja

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyehitimu chuo cha wanyamapori cha Mweka, ambaye sasa anajifunza kazi ya mwindaji bingwa, yaani anayewaongoza wageni kuwinda, katika kitalu kimoja cha uwindaji upande wa Simanjiro, alinipigia simu akaniuliza jambo ambalo nimekuwa nikiulizwa tangu nilipoanza kazi hii. "Mzee, fedha niliyojiwekea inatosha kununua .375 moja iliyo nzuri kweli, au nigawe, ninunue .30-06 ya swala na .458 ya nyati, zote za kawaida. Wewe ungefanyaje?" Tarakimu hizo hutaja unene wa risasi kwa sehemu ya inchi, kwa hiyo .458 ni nene kuliko .375, na .375 ni nene kuliko .30-06. Nilimwambia anunue moja. Aliponiuliza sababu, simu ikawa imeishiwa salio, na nikaona ni afadhali niandike, kwa sababu sababu yenyewe ni ndefu na baadhi yake iliniuma nilipojifunza.

Nilikuwa na bunduki mbili kwa miaka tisa. Baada ya hapo nikaziuza zote kwa kufuata taratibu za Polisi, nikanunua moja, na hadi leo ni hiyo moja. Sisemi hivi ili nionekane kuwa niliyeona mbali, kwa maana nilizitetea zile mbili kwa muda mrefu, tena mbele ya watu wenye uzoefu kunizidi, na hoja zangu hazikuwa za kitoto.

Jambo la kwanza ambalo msomaji asiyewinda anapaswa kulielewa ni kwamba swali hili lina uzito wa pekee katika nchi yetu, Tanzania, kwa sababu ya wanyama wetu wenyewe. Katika kitalu kimoja, siku moja, mwindaji mwenye leseni anaweza kuanza asubuhi kwa kumfuata swala pala wa kilo 60, adhuhuri akakutana na pofu dume anayekaribia kilo 900, na jioni akajikuta kwenye nyayo za nyati wa kilo 700 ambaye akijeruhiwa hatoroki tu, bali huzunguka akakusubiri kwenye kichaka. Katika nchi nyingi za Ulaya mtu hutoka nyumbani akijua anakwenda kumwinda kulungu, na kulungu ndiye atakayemkuta. Kwetu sisi pori ndilo linaloamua. Ndiyo maana pia kanuni zetu zimeweka mpaka: kwa wanyama hatari kama tembo, nyati, simba na kiboko, bunduki isipungue .375. Kwa hiyo anayesema kwamba .30-06 ni bunduki ya kazi zote anasema kweli kwa watu wa nchi nyingine, lakini huku kwetu bunduki moja ya kazi zote haiwezi kuanzia chini ya .375, na kama utachagua mbili, lazima mmojawapo wa mitutu hiyo uwe mkubwa.

Sasa nieleze hiyo .375 yenyewe, kwa sababu vijana wengi wanaijua kama kiwango cha kisheria tu, wala hawajui kwamba ilibuniwa kwa ajili ya swali hili hili. Risasi ya .375 H&H Magnum ilitolewa mwaka 1912 na kampuni ya Holland & Holland ya London. Kichwa chake, yaani ile sehemu inayoruka, kina kipenyo cha milimita 9.5, na tangu mwanzo ilitengenezwa kwa vichwa vya uzito tofauti, ambapo viwili vinavyotumika sana ni cha greini 270, yaani gramu 17.5, na cha greini 300, yaani gramu 19.4. Hicho chepesi hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 820 kwa sekunde. Ukiulinganisha na .30-06, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, ambayo hurusha kichwa cha greini 180, yaani gramu 11.7, kwa mwendo ule ule wa takriban mita 820, utaona jambo ambalo mimi nilichelewa kuliamini: hadi kufikia umbali wa mita 200 na kidogo zaidi, njia ya risasi hizi mbili angani inafanana sana. Anayesema kwamba .375 ni bunduki ya karibu tu hajawahi kuipima. Ile hofu kwamba huwezi kumpiga kongoni aliyesimama mbugani kwa sababu risasi itaanguka njiani haina msingi, labda kama umbali umevuka ule ambao mwindaji mwaminifu angethubutu kufyatua.

La pili, na ndilo linaloifanya risasi hii ipendwe na watu wa kazi yetu, ni kwamba katika bunduki nyingi za .375 vichwa vyake vya uzito tofauti hugonga karibu mahali pamoja katika umbali wa mita 100. Bunduki nyingi hazifanyi hivyo. Ukibadilisha uzito wa kichwa, shabaha inahama, na inakulazimu kurekebisha darubini upya. Kwenye .375 unaweza kuwa na softi, yaani risasi ya kichwa laini kinachotanuka, ya greini 270 kwa ajili ya swala na pofu, na solidi, yaani ya kichwa kigumu kisichotanuka, ya greini 300 kwa ajili ya nyati anayekimbia akikupa mgongo, na zote mbili zikafuata jicho lako bila kugusa kitu chochote. Nasisitiza kwamba ni lazima kila mtu aipime bunduki yake mwenyewe, kwa kuwa kila mtutu una tabia yake. Ya kwangu niliipima kwenye karatasi, risasi tatu za softi na tatu za solidi, na matundu yote sita yangeweza kufunikwa kwa kiganja cha mkono.

Kwa hiyo wingi wa kazi haukai katika bunduki. Unakaa katika risasi. Hili si wazo geni kwetu. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao ujuzi wao wa kuwinda ninauheshimu kuliko kitabu chochote, hutoka kambini na upinde mmoja na mishale ya aina kadhaa: ule wa mti mtupu uliochongwa ncha kwa ajili ya ndege na wanyama wadogo, wenye bapa la chuma, na ule uliopakwa sumu ya mimea kwa ajili ya wanyama wakubwa. Hakuna Mhadzabe anayebeba pinde mbili. Upinde umezoeana na mkono wake, anajua mvuto wake hata gizani, na anachobadilisha ni mshale. Niliwahi kukaa nao siku nne nikiwa kijana, nikaona jambo hilo kwa macho yangu, na bado nikaenda kununua bunduki mbili.

Nilikuwa na sababu, na ninapaswa kuzieleza kwa haki. Bunduki yangu ndogo ilikuwa .30-06, nyepesi, yenye uzito wa kilo tatu na nusu hivi pamoja na darubini, na teke lake, yaani msukumo wake begani, halikumchosha mtu hata akipiga risasi ishirini kwa asubuhi moja. Teke la .375 ni karibu mara mbili yake. Ngozi ya swala iliyopigwa kwa .30-06 hutoka nzuri, na nyama ya bega huharibika kidogo tu. Bunduki yangu kubwa ilikuwa .458 Winchester Magnum, risasi iliyotoka mwaka 1956 ili mtu wa kipato cha kawaida apate nguvu iliyokaribiana na ya zile bunduki za mitutu miwili za Kiingereza, ambazo bei yake ilikuwa bei ya nyumba. Kichwa chake cha greini 500, yaani gramu 32.4, kina upana wa milimita 11.6. Nyati anayekuja mbio kutoka hatua kumi na tano huhisi tofauti kati ya gramu 19 na gramu 32, na yeyote aliyewahi kusimama mahali hapo hatabishana nami. Kwa hiyo hesabu yangu ya wakati ule ilikuwa hii: kila kazi na chombo chake, na katika kila kazi chombo hicho kiwe bora kuliko .375, ambayo ni kubwa kupita kiasi kwa swala na ni ya wastani kwa nyati.

Hesabu hiyo ni sahihi kabisa ukiwa umekaa mezani. Kosa lake ni kwamba inadhani bunduki mbili ziko nawe wakati wote. Hazipo. Ukiwa porini kwa miguu, bunduki uliyo nayo ni ile iliyo mkononi, na ile nyingine iko garini umbali wa saa moja na nusu, au iko begani kwa mtu mwingine ambaye, nyati atakapotoka, ana haki ya kukimbilia kwenye mti.

Nitaeleza siku iliyonifunza. Ilikuwa mwezi wa tisa, Rungwa, wakati miombo imepukutisha majani na mingine imeanza kuchipua yale majani mekundu, joto ni kali na mbung'o hawakupi nafasi. Asubuhi tulitoka na mgeni wangu kumtafuta kongoni. Kwa kuwa ilikuwa kazi ndogo, nilibeba .30-06 na nikavaa mkanda wa risasi zake kiunoni. Mgeni alimpata kongoni wake saa tatu, kwa risasi moja safi. Tukiwa tunarudi kwa gari, fundi wetu wa nyayo, mzee wa Kinyaturu aliyenilea katika kazi hii tangu nilipokuwa mbeba maji, akagonga paa la gari. Kulikuwa na nyayo mbichi za madume wazee watatu wa nyati, zimevuka barabara zikielekea korongoni. Tukashuka. Nikaiweka .30-06 garini, nikachukua .458, nikahakikisha ina risasi nne, tukaondoka.

Saa saba tuliwakuta. Mgeni alifyatua kutoka hatua sitini, risasi ikaingia nyuma kidogo ya mahali palipotakiwa, na nyati akaingia kwenye kichaka cha miiba kando ya korongo. Tulisubiri nusu saa kama ilivyo desturi, kisha tukafuata damu. Sitarefusha. Alitoka upande wa kulia, karibu kuliko nilivyotarajia. Risasi yangu ya kwanza ilimpata begani akayumba, ya pili na ya tatu zilimpata ubavuni alipokuwa akigeuka kurudi kichakani, na hapo nikabaki na moja. Mkono wangu ulishuka wenyewe kiunoni, ukatoa risasi, na kabla jicho halijaiona, vidole vilikwisha kujua. Ilikuwa nyembamba. Mkanda wote ulikuwa wa .30-06. Mzee, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega langu la kushoto, aliiona pia, na akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, huo ni mkanda wa asubuhi."

Mgeni alikuwa na bunduki yake na risasi zake, na askari wa wanyamapori aliyefuatana nasi alikuwa na silaha yake, lakini hakuna mwindaji bingwa anayewatanguliza watu wengine kwenye kichaka chenye nyati aliyejeruhiwa ili afidie uzembe wake mwenyewe. Tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Hadi mtu alipofika garini na kurudi, jua lilikuwa linazama, na kuingia mle gizani lingekuwa kosa la pili juu ya kosa la kwanza. Asubuhi tulimkuta amekufa, hatua sitini tu kutoka pale tulipogeukia. Ninachokikumbuka zaidi si hatari iliyotupata sisi. Nakumbuka nyasi zilizolala na udongo uliochimbwa kwa kwato pale alipokuwa, alama za mnyama ambaye hakufa mara moja. Usiku ule aliumia kwa sababu nilivaa mkanda usio wake, na nilivaa mkanda usio wake kwa sababu nilikuwa na mikanda miwili.

Wapo walioniambia kwamba hilo lilikuwa kosa la mtu, si la bunduki. Nakubali, na nililikubali siku ile ile mbele ya mzee na mbele ya mgeni. Lakini chombo cha hatari huchaguliwa kwa kuzingatia kwamba atakayekitumia ni binadamu aliyeamka saa kumi alfajiri, ana kiu, mbung'o wanamng'ata, na moyo unamdunda. Mfumo unaomtaka binadamu huyo akumbuke jambo moja zaidi ni mfumo dhaifu kuliko ule usiomtaka.

Na risasi hazikuwa jambo pekee la kukumbuka. Bunduki zangu mbili zilitengenezwa na viwanda tofauti. Ile ndogo, kufuli lake la usalama lilisukumwa mbele ili bunduki iwe tayari kufyatua. Ile kubwa, ambayo ilikuwa ya zamani, kufuli lake lilivutwa nyuma. Kwa miaka ile yote nilijiambia kwamba mikono yangu inajua tofauti. Siku moja, bila hatari yoyote, nikimlenga ngiri kwa ile kubwa kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo, nilivuta kifyatulio na bunduki ikakaa kimya: kidole gumba kilikuwa kimefanya kile kilichozoea kufanya kwenye .30-06. Ngiri alitazama, akainua mkia, akaenda zake. Nilikaa chini ya mti nikifikiria kama angekuwa nyati. Vitu hivi hufanywa na mkono, akili ikiwa imeshughulishwa na mnyama, na mkono hujifunza kwa kurudia jambo moja maelfu ya mara. Ukiugawia bunduki mbili, unaupa nusu ya mazoezi kwa kila moja, na hiyo ndogo, kwa kuwa ni rahisi kuipiga na risasi zake ni nafuu, hupata zaidi ya nusu yake. Ile kubwa, ambayo maisha ya watu yanaitegemea, ndiyo hubaki ngeni mkononi. Mimi nilikuwa nikipiga risasi labda mia mbili kwa mwaka za .30-06, na za .458 hazikufika ishirini. Namjua mwindaji bingwa mwenzangu mmoja tu aliyekuwa akifanya kinyume.

Kuhusu gharama na karatasi sitasema mengi, kwa kuwa kila mmiliki anazijua. Kila silaha ina leseni yake, ukaguzi wake, na nafasi yake kwenye kabati la chuma. Kila aina ya risasi inatafutwa kivyake, na katika miji yetu kuna miezi ambayo aina moja ipo na nyingine haipo. Wageni nao wana hesabu yao: mashirika ya ndege humruhusu msafiri kilo 5 tu za risasi. Kwa .375 kilo hizo ni kama risasi mia moja na kidogo, ambazo zinatosha kupima bunduki na kuwinda majuma matatu. Ukizigawa kati ya aina mbili, kila upande unabaki na akiba ndogo, na nimemwona mgeni aliyemaliza risasi za bunduki moja siku ya sita huku boksi zima la nyingine likiwa halijafunguliwa.

Watu wanaotetea bunduki nyingi hupenda kumtaja Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyeshuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 na raifo zake tatu: Springfield ya jeshi, Winchester ya .405, na ile ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa ajili ya tembo na vifaru. Ni kweli. Lakini aliyetaja hilo asisahau kutaja wapagazi zaidi ya mia mbili waliokuwa nyuma yake, na wabeba bunduki waliotembea hatua moja kutoka mkononi mwake, kazi yao ikiwa ni kuhakikisha bunduki inayotakiwa ndiyo inayofika. Kwa mtu mwenye msafara wa namna hiyo, raifo tatu ni sawa na upinde mmoja na mishale mitatu. Sisi tunatembea watu watano, wakati mwingine wanne.

Wanaotetea bunduki ndogo nao humtaja W. D. M. Bell, yule Mskoti aliyewaua tembo kwa mamia katika Karamoja, Uganda, wengi wao kwa risasi ya milimita 7, ndogo hata kuliko .30-06. Sipendi kumtumia kama mfano wa jambo lolote, kwa sababu aliua pembe, hakuwinda, na tembo wa ukanda ule walilipa. Hata hivyo katika jambo moja ushahidi wake una thamani: aliijua bunduki yake, aliujua mwili wa tembo kwa kuupasua na kuuchunguza, na alijua ubongo uko wapi kutoka kila upande. Uhodari wake ulikuwa wa mahali pa kupiga, wala haukuwa wa ukubwa wa risasi. Leo sheria isingemruhusu kumgusa tembo kwa bunduki ile, na sheria iko sahihi, kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida kama mimi.

Je, hakuna anayestahili kuwa na mbili? Wapo. Mtu ambaye hatawinda kamwe mnyama hatari, kama wenyeji wengi wanaochukua leseni ya ukaazi kwa ajili ya swala, kongoni na ngiri, hahitaji .375 hata kidogo; .30-06 au .308 itamtosha maisha yake yote, na teke dogo litamfanya awe mlengaji bora. Kwa upande mwingine, mwindaji bingwa mzoefu anayefanya kazi kwenye vichaka vizito vya Selous, ambaye kazi yake hasa si kuwinda bali kuwazuia nyati na tembo wasiwafikie wageni wake, ana haki ya kubeba .458 au .470 kila siku, na ya pili akaiacha kambini. Lakini mtazame vizuri mtu huyo: naye pia hubeba moja. Amechagua moja kubwa badala ya moja ya wastani, na anaibeba hata siku ya kongoni. Ninayempinga ni yule anayebadilisha kila asubuhi kulingana na ratiba, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Kijana wangu yuko Simanjiro, na hapo kuna ugumu ambao sitaki kuuficha. Mbuga zile ni wazi. Swala tomi husimama mita 250 akakutazama, na hakuna mti wa kujificha. Tandala mdogo na swala twiga hawakupi muda. Mwenye .30-06 au .300 ana faida pale, ndogo lakini ya kweli, hasa ya wepesi wa bunduki na utulivu wa mwili, kwa maana mtu anayeliogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua. Jibu langu kwake ni kwamba mita 50 za ziada zinaweza kupatikana kwa kutambaa, na anayeweza kutambaa atakuwa mwindaji bora kuliko anayeweza kununua. Kuhusu teke, .375 iliyopimwa vizuri kitako chake kulingana na urefu wa mkono wa mwenyewe, yenye uzito wa kilo nne na nusu hivi pamoja na darubini, husukuma bega polepole kuliko zile bunduki nyepesi zenye risasi za mwendo mkali, ambazo hupiga kama kofi. Nimewafundisha watu wenye miili midogo kuipiga, mmoja wao mwanamke wa kilo 55, na baada ya siku tatu hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo, kijana wangu, ukinunua hiyo moja, fedha iliyobaki isikutoroke, kwa sababu bunduki moja inakudai zaidi kuliko mbili. Nunua darubini nzuri ya nguvu ndogo, inayokuza kuanzia mara moja au moja na nusu, ili nyati wa hatua ishirini asijaze kioo kizima ukashindwa kujua unatazama bega au tumbo. Vishikio vyake viwe vya kuondoa kwa mkono bila zana, na vile vielekezi vya chuma vilivyo juu ya mtutu uvipime pia, kwa sababu siku darubini itakapogonga mwamba hutakuwa na muda wa kuvipima. Chagua bolti, lile komeo linaloingiza risasi mtutuni, ya mtindo wa Mauser, yenye ukucha mrefu unaoishika risasi tangu inapotoka magazini, isije ikakwama ukiwa umeinama au umelala ubavu. Kisha nunua risasi, nyingi kadiri leseni inavyokuruhusu, uzipige. Usizipigie mezani tu. Zipigie ukiwa umesimama, kwenye ile miti mitatu ya kuegemezea, baada ya kukimbia mita mia, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyokuwa siku yenyewe. Kila jioni, bunduki ikiwa tupu na umeikagua mara mbili, ipandishe begani mara hamsini, ondoa usalama, lenga kitu ukutani, rudisha usalama. Baada ya msimu mmoja hutafikiria tena kidole gumba kiko wapi.

Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai. Mzee wangu wa Kinyaturu amestaafu, yuko kijijini kwake Singida na miguu inamsumbua, lakini kila mwaka kabla sijaingia porini napitia kwake, na kila mwaka ananiomba kitu kile kile kabla hata hatujanywa chai: nimletee mkanda wangu autazame. Huupitisha mikononi mwake taratibu, risasi moja baada ya nyingine, softi upande wa kulia, solidi upande wa kushoto, zote za unene mmoja, kisha ananirudishia na kuniuliza habari za watoto.